Vitabu Vilivyolala Kabatini: Kisa cha Chumba cha Kusomea, Majengo

Daftari la kuazimia lilikuwa na kurasa 96, na baada ya miezi mitano ni kurasa mbili tu zilizoguswa na wino. Mlezi wa chumba alilifungua, akanigeuzia nilione vizuri, kisha akanyamaza. Nyuma yake palikuwa na kabati la vioo, vitabu vimepangwa kwa urefu, visafi utadhani vimetoka dukani jana. Mbele yake, juu ya mikeka, watoto kama ishirini walikuwa wamelala kifudifudi wakisoma kwa sauti, kila mmoja na chake, chumba kizima kinavuma. Jua lilipoanza kushuka wakainuka, wakarudisha vitabu kabatini mmoja mmoja, wakaenda zao mikono mitupu.

Kisa chenyewe ni hicho. Watoto wavipenda vitabu, vitabu vipo, kuazima ni ruhusa, na karibu hakuna kitabu kinachovuka kizingiti.

Chumba kiko Majengo, kisiwani Mombasa, kati ya nyumba za Kiswahili ambazo kila mlango wa ukumbini ni wa mpangaji wake, na jiko na choo ni vya wote kule uani. Wanaokiendesha ni majirani waliojitolea, na wameniruhusu kukisimulia kisa hiki bila kuwataja majina. Waliniita kwa sababu walijua kazi niliyoifanya kwa muda mrefu, yaani kubisha hodi kwenye nyumba za watu na kuwauliza wananunua nini na kwa nini.

Kwanza nieleze kwa nini jambo hili liliwanyima usingizi, maana wapo watakaosema: kama watoto wanasoma pale chumbani, si yatosha?

Haitoshi. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Mtoto akishajua ba be bi bo bu na wenzake, hakuna neno asiloweza kulitamka. Kazi ngumu iko kwenye urefu. Neno moja kama “alivyowakaribisha” ni sentensi nzima, na mtoto anayelipanda silabi kwa silabi hufika mwisho ameshasahau lilianzaje. Ndiyo maana vigezo vilivyotumika katika Tusome, mpango wa kufundisha kusoma shuleni ulioenezwa Kenya nzima kuanzia 2015, vilimtaka mtoto wa madarasa ya chini asome maneno 45 ya Kiswahili kwa dakika, ilhali ya Kiingereza ni 65. Si kwamba Kiswahili kimeonewa. Maneno yake yamebeba mizigo mizito zaidi. Dawa ya mtoto anayekwama ni kuusoma ukurasa uleule kwa sauti, leo, kesho, keshokutwa, mpaka jicho lilione neno zima kwa mara moja. Wakati ule chumba kilifunguliwa alasiri tatu kwa wiki. Mtoto anayesubiri zamu ya kitabu kizuri hukisoma mara moja, na mara ijayo kimeshachukuliwa na mwingine. Ukurasa wa kurudiwa ni lazima uwe nyumbani.

Kamati ilikuwa na jibu lake tayari, nami nilisomewa kikao cha kwanza: wazazi wa huku hawana utamaduni wa kusoma.

Niliposikia hivyo nilikumbuka chumba kingine, chenye kiyoyozi na chupa za maji mezani. Nilisoma sosholojia Nairobi, nikaajiriwa katika utafiti wa soko, na kwa miaka kumi na minane nilizunguka Pwani na hojaji mkononi: Kisauni, Likoni, Changamwe, Jomvu, Mtwapa. Sabuni, majani ya chai, unga, mafuta ya kupikia. Siku moja kampuni moja ilitaka kujua kwa nini chupa yake ya lita mbili ya mafuta hainunuliwi mitaani. Tayari walikuwa wameshaamua kwamba wanawake wa Pwani hawaipendi harufu yake. Tulipokwenda majikoni tukakuta mafuta yaleyale ndani ya vichupa vya soda na vikopo vya plastiki, yamenunuliwa kwa kipimo, ya kutosha mchuzi wa jioni hiyo. Walikuwa wanayatumia kila siku bila kuiona nembo. Hawakuyakataa mafuta. Walikataa kuzifungia pesa za siku nne ndani ya chupa moja, wakati kesho hawaijui itakuja na nini.

Katika kazi ile hakuna somo nililolishika kama hilo. Mtu anayekataa kitu huenda hakikatai kitu chenyewe. Anakataa namna kinavyomfikia.

Lakini kamati iliposema “utamaduni”, sikuwabishia kwa mafuta. Niliwaomba twende Biashara Street tukasimame kwa nusu saa kwenye duka la leso, ambazo wengine huziita kanga. Mwanamke wa Mombasa hanunui leso bila kujua jina lake. Ataisifu rangi, atalipima pindo kwa vidole, kisha atainama: imeandikwa nini? Asiyejua kusoma humuuliza mwenye duka, au humsukuma mbele mtoto aliyemshika mkono. Tulimwona msichana wa miaka minane hivi akimsomea nyanya yake moja baada ya moja. Alipofika kwenye “Wema hauozi”, nyanya akasema, “Hiyo. Soma tena.” Akairudia. Nyanya akacheka, akafungua fundo la pindo la leso aliyovaa, akatoa pesa. Watu wanaochagua nguo kwa maneno yaliyoandikwa juu yake, wakagombana nayo, wakapatana nayo, wakazikwa na kuozwa nayo, siwezi kuambiwa maandishi ni ya kigeni kwao.

Basi tuliporudi, suala likawa jingine: vitabu hivi vinawafikia vipi?

Dawa ya kwanza ya kamati ilikuwa kufuta ada. Palikuwa na ada ya shilingi 50 kwa mwaka, wakaiondoa, wakabandika tangazo mlangoni. Nilitaka wangoje kidogo, lakini sikuwazuia, kwa kuwa sikuwa na hakika. Mwezi ukapita na daftari halikuongezeka hata mstari. Hapo nikawasimulia habari ya Marienthal, ambayo kila mwanasosholojia wa fani yangu anaijua. Ni kijiji cha kiwanda cha nguo karibu na Vienna, kiwanda kikafungwa, karibu kijiji kizima kikabaki bila kazi. Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel wakaenda kuyachunguza maisha ya pale, na kati ya vitu walivyovihesabu ni vitabu vya maktaba ya wafanyakazi. Kati ya 1929 na 1931 uazimaji ulishuka karibu nusu, ingawa watu walishinda bila kazi na ada ya kuazima ilikuwa imeshaondolewa. Wachunguzi hao hao walikuwa wakijipatia riziki kwa utafiti wa bidhaa za madukani. Huwa nawaambia vijana jambo hilo wanaponiuliza kama kuhesabu sabuni na kuhesabu usomaji vinaweza kukaa katika kichwa kimoja. Vimekaa tangu zamani.

Ila nilijihadhari nisilichukue jibu la Marienthal nikalivisha Majengo. Kule watu walikuwa wamevunjika moyo. Hata mwendo wao barabarani ulipopimwa kwa saa, wanaume walionekana wakijikokota. Majengo hakuna anayejikokota. Saa kumi na moja alfajiri mahamri yako kwenye karai, saa kumi na mbili mikokoteni iko njiani kuelekea Kongowea. Kilichofanana ni kwamba ada haikuwa kizuizi. Kizuizi tulikuwa bado hatujakiona.

Tukaingia nyumbani. Hapa tulikosea mwanzo, na kosa nalitia kwangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyewaacha vijana wajitolea waende kabla sijawafunza. Waliuliza moja kwa moja: “Mama, kwa nini huazimi vitabu?” Wakarudi na majibu ya adabu. Hatuna wakati. Tutakuja, inshaallah. Watoto ni watundu. Ukimuuliza mtu mzima “kwa nini hufanyi”, umeshamtuhumu, naye atakupa neno la kukusindikizia mlangoni.

Lazarsfeld huyo huyo, baada ya kuhamia Marekani, aliandika mwaka 1935 makala juu ya ufundi wa kuuliza “kwa nini”, akiwaandikia watu wa utafiti wa soko. Anaonyesha kwamba ukimuuliza mtu kwa nini alinunua sabuni fulani, umemuuliza mengi kwa mpigo: sabuni yenyewe ina nini, nani alimfikishia habari zake, na yeye alikuwa na haja gani siku ile. Mmoja atajibu la kwanza, mwenzake la tatu, nawe utayajumlisha kana kwamba wamejibu swali moja. Lazima ulivunje swali, ulifuate tukio lilivyokwenda. Nimefanya kazi kwa makala hayo maisha yangu yote. Tukaliacha “kwa nini”, tukabaki na ombi moja: “Tueleze kitabu cha mwisho kilichoingia humu ndani kilikujaje, na sasa kiko wapi. Kama inawezekana, tuonyeshe.”

Nyumba ya tatu ilikuwa ya mama anayeuza mahamri na mbaazi. Alitukaribisha chumbani, akatandika jamvi, akatafakari. Kisha akapiga magoti, akavuta sanduku la bati kutoka mvunguni. Akafungua kufuli. Juu kabisa palikuwa na juzuu la Kurani la mwanawe, limeviringishwa ndani ya kitambaa cheupe. Chini yake vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki, risiti za kodi ya nyumba zimefungwa kwa mpira. Na chini ya vyote, ndani ya gazeti lililokunjwa pembe nne kwa ustadi, kitabu cha Kiswahili cha darasa la tatu.

“Hiki cha shule,” akasema. “Ni kitabu cha watu.”

“Mtoto hukisoma saa ngapi, Mama?”

“Jumapili, nikiwa nimekaa. Namkalia hapa mpaka amalize, kisha nakirudisha ndani. Dada yake alipoteza kimoja mwaka juzi, mwanangu. Nililipa. Mahamri ya siku nne.”

Tangu 2018 serikali hununua vitabu vya kiada na kuvipeleka shuleni yenyewe, na kila mtoto hutarajiwa kuwa na chake. Ni hatua kubwa, na naisifu. Lakini kikipotea, mara nyingi anayetakiwa kukifidia ni mzazi. Kwa hiyo kitabu kilipoingia chumba kile hakikuingia kama kitabu. Kiliingia kama amana, na amana hufungiwa. Mama huyu hakuwa amepuuza kitabu. Alikiheshimu kiasi cha kukiweka na vyeti vya kuzaliwa vya wanawe. Na mwanawe alikuwa akikisoma mara moja kwa wiki, chini ya ulinzi.

Nikamuuliza basi kuhusu chumba chetu, ambacho mwanawe hakosi. Mbona hajamchukulia hata kimoja? Akatabasamu kama mtu anayeulizwa jambo la wazi.

“Mlitaka nitie saini.”

“Ndiyo, kuonyesha tu kwamba kitabu kimechukuliwa.”

“Mie nshatia saini mara moja. Friji ilokuwa pale waiona?”

Pale alipoonyesha palikuwa na alama nne za miguu ya friji sakafuni, na ukuta wenye rangi iliyokolea kidogo kuliko kwingine. Alimdhamini mwenzake kwenye mkopo wa kikundi. Mwenzake akashindwa. Watu wakaja na pikapu.

Jioni ile nilirudi chumbani kuitazama fomu yetu kana kwamba sijawahi kuiona. Juu, kwa herufi kubwa: FOMU YA MKOPO WA VITABU. Jina kamili. Nambari ya kitambulisho. Nambari ya simu. Jina la mdhamini na sahihi yake. Nakubali kulipa thamani kamili ya kitabu kikipotea au kuharibika. Muda wa mkopo, siku 14. Aliyeiandika alikuwa mtu mwema aliyeiga fomu ya maktaba nyingine. Hakuna neno baya ndani yake. Lakini mama aliyepelekewa pikapu alisoma “mkopo”, “mdhamini”, “thamani kamili”, akafanya ambalo ningelifanya mimi.

Na zile siku 14, ambazo sisi tuliziona ni ukarimu! Ukiishi watu sita chumba kimoja, mvua ikipiga maji yanapenya dirishani, na mdogo wa mwisho anatia kila kitu mdomoni, siku 14 za kuazima ni siku 14 za kulinda. Tulikuwa tunawauzia chupa ya lita mbili.

Tulizunguka nyumba nyingine tukasikia yaleyale kwa sura tofauti. Siyakusanyi hapa yote. La chuo, yaani madrasa ya Kurani, hata hivyo, ni lazima nilieleze, kwa kuwa ndilo lililogeuza mawazo yangu mwenyewe. Baadhi ya wanakamati waliamini chuo kinawamaliza watoto nguvu: shule mpaka alasiri, chuoni mpaka karibu na magharibi, wikendi asubuhi chuoni tena. Nami nilidhani hivyo. Lakini juzuu ndilo andiko pekee lililokuwa likitoka na kuingia nyumbani kila siku bila saini ya mtu. Nikaenda kukaa nyuma ya chuo kimoja, kwa idhini ya maalim. Kila mtoto aliitwa mbele, akasoma aya zake peke yake, maalim akimfuata kwa kijiti. Akikwama, “Rudi.” Anarudi. Akikwama tena, “Nenda kadurusu,” na kesho anaanzia palepale. Nyumbani hudurusu mbele ya mama, na mama, hata kama hajui maana ya neno moja la Kiarabu, anajua mtoto anapositasita. Sikio lake limezoea.

Hicho ndicho tulichokuwa tukihangaika kuwafundisha wazazi kwenye semina: kumsikiliza mtoto akisoma kwa sauti, kumwambia arudie. Kilikuwa kinafanyika katika nyumba zao kila jioni. Kilichokosekana ni kitu cha Kiswahili cha kudurusu ambacho hakiogopewi.

Mabadiliko yenyewe yanasimulika kwa ufupi. Fomu ilichomwa, mlezi aliomba aiwashe yeye. Neno “mkopo” likaondoka chumbani, likaja “chukua, lete kesho.” Hakuna saini, hakuna mdhamini: mtoto anataja jina la kitabu, mlezi anaandika. Usiku mmoja tu, na anayetaka anakichukua tena kesho yake. Pili, tukaanza hadithi za karatasi moja. Unachukua karatasi ya kawaida ya kuchapia, unaikunja ikunjike kuwa kijitabu cha kurasa nane, na hiyo si ya kurudisha, ni mali ya mtoto. Hadithi hatukutunga zote. Mradi wa African Storybook, ulioanzishwa Afrika Kusini, tangu 2014 umekuwa ukiweka hadithi za watoto kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, chini ya leseni inayomruhusu yeyote kuzichapa na kuzirekebisha. Tulizifupisha, nyingine tukazitia maneno ya huku: leso badala ya kanga, viazi karai badala ya chipsi.

Tatu, Jumamosi ikawa siku ya kushona. Tukatangaza kwamba kitabu kilichochanika kiletwe, kitatengenezwa, wala hakuna atakayeulizwa. Sindano, uzi wa viatu, gundi, karatasi ngumu. Jumamosi mbili za mwanzo hakuja mtu. Ya tatu akaja nyanya mmoja, akasimama mlangoni asiingie. Kitabu alikuwa amekifunika ndani ya leso yake kama mtu aliyebeba kifaranga. Kurasa nne zilitoka, na moja ilitafunwa pembe na mjukuu wa mwaka mmoja. Kabla ya kusema neno alikuwa ameshafungua fundo la pindo, noti mbili za mia zimekunjwa kama hirizi.

“Ni kiasi gani?”

Mlezi hakugusa pesa. Akasogeza kigoda, akampa sindano yenye uzi. “Nyanya, mie macho hayaoni tundu vizuri. Hebu nishikie hapa.” Nyanya akakaa. Mikono yake imeshona kofia za viua miaka hamsini. Ule mshono wa kitabu hata sasa ni mzuri kuliko wa kiwandani. Akashona kingine, na cha tatu, mpaka adhana ya adhuhuri. Jumamosi iliyofuata alikuja na jirani zake wawili.

Baada ya hapo daftari lilianza kujaa.

Sasa kuna sehemu ambayo naiandika kwa uzito, kwa kuwa inagusa kazi yangu ya zamani. Habari za karatasi zilipoenea, kampuni moja ya biskuti, ambayo niliwahi kuifanyia utafiti, ilituma mtu. Walikuwa tayari kuchapa maelfu ya hadithi kwa rangi, bure, kwa shule na vyumba vya kusomea vya kaunti nzima. Walitaka kitu kimoja: ukurasa wa nane uwe na picha ya biskuti yao, na mhusika wa hadithi awe anaipenda. Mombasa, kwa sensa ya 2019, ilikuwa na watu 1,208,333. Ukizifikiria nyumba zote hizo na fotokopi zetu za shilingi 5 kwa ukurasa, unaelewa kwa nini nusu ya kamati ilitaka tukubali siku ileile.

Mimi nilikataa, na nilieleza kwa nini. Utafiti wa biskuti ule niliufanya kwa mikono yangu. Tulikaa na watoto wa miaka sita hadi tisa, tukawachezesha, tukawauliza jinsi wanavyomwomba mama dukani na ni mara ya ngapi mama hukubali. Ripoti yangu ilieleza vizuri sana namna mtoto anavyoweza kumshinda mzazi. Nilisifiwa kwayo. Tulipokuwa tukiifanya sikuona ubaya; nilikuwa najivunia ufundi wangu. Miezi michache baadaye, mwaka 2011, nilijitolea katika tathmini ya Uwezo, ile iliyoanza mwaka 2009 kwenda nyumba kwa nyumba ikiwapa watoto wa miaka 6 hadi 16 silabi, maneno, aya, kisha hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Kwenye nyumba moja Kisauni, mvulana wa darasa la tano alikwama kwenye aya. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni na chano ya mchele, ameacha kupeta, anamtazama. Mezani palikuwa na pakiti ya biskuti ile ile, na mvulana alikuwa amelisoma jina lake kwangu dakika tano kabla, bila kusita, kwa furaha. Tulikuwa tumemfundisha neno moja. Niliacha kazi ile mwaka uliofuata.

Kwa hiyo hoja yangu kwa kamati ilikuwa hii: mama wa Majengo ameanza kukiamini kitu kinachoingia nyumbani kwake bila kudai chochote. Siku karatasi itakapoanza kudai, japo shilingi 10 ya biskuti, itakuwa imejiunga na foleni ya wanaomdai, naye ataifungia sandukuni au ataiacha mlangoni. Mmoja wa wanakamati, mwalimu mstaafu ambaye namheshimu, alinijibu kwamba kuna watoto ambao hawatapata kusoma chochote kwa sababu ya msimamo wangu. Ana haki ya kusema hivyo. Ni kweli kwamba hadithi zetu hazijavuka Nyali Bridge kwa wingi, na Likoni hazijafika kabisa. Tulipiga kura, msimamo wangu ukapita kwa kura moja. Bado naamini tulifanya sawasawa, na bado mwalimu yule namwelewa.

Mengine hayakutengemaa. Vitabu vingine havijarudi wala havitarudi. Kila mwezi vinapotea kadhaa, na mfadhili aliyevitoa hakupendezwa, kwa kuwa fomu yake ina safu ya “vitabu vilivyopo” na haina safu ya “vitabu vilivyosomwa”. Wavulana wakifika darasa la sita huacha kuja, na sijui dawa yake kwa njia ya karatasi. Hadithi za Kiingereza zinarudi bila kuguswa: huko mama hana sikio la kumsaidia, na mtoto hana wa kumwambia arudie. Kwenye hilo ndiko nafanya kazi sasa hivi, pamoja na dada wawili wa kidato cha nne wanaokaa na watoto Ijumaa jioni.

Mwezi uliopita nilipita kwa mama wa mahamri alfajiri, si kwa utafiti, nilikuwa na njaa. Uani palikuwa na balbu moja juu ya jiko. Alikuwa akisukuma donge kwa kasi, akikata pembe tatu, akizitumbukiza kwenye karai. Mwanawe, sare ya shule imeshavaliwa, alikaa juu ya kibao cha mbuzi akiwa na kitabu cha chumba kile magotini, anasoma kwa sauti ili ashinde mlio wa mafuta. Akafika kwenye neno, akalipanda, akateleza.

“Rudi hapo,” mama akasema bila kugeuka.

Akarudi. Akateleza tena. Mama akafuta mkono kwenye leso, akaja, akainama, akaweka kidole chini ya mstari palepale alipositasita. Yeye mwenyewe hakuwa analisoma lile neno. Alilisikia lilipovunjikia.

“Hapa. Polepole.”

Alasiri mlezi alikipokea kitabu, akakipekua kama kawaida yake, akaandika kwenye daftari, la tatu sasa: Kimerudi. Unga, ukurasa wa 7.